Nguo zenye kazi: Soko lakataa waya, lanunua uzi

MNAMO Aprili 24, 2023, kampuni ya Google ya Marekani iliifunga programu yake ya simu iliyokuwa ikiitwa Jacquard. Kwa watu wengi habari hiyo ilipita kimya kimya. Lakini kwa wale wachache waliokuwa wamenunua jaketi la jinzi la Levi's kwa dola 350 mwaka 2017, maana yake ilikuwa moja tu: kuanzia siku hiyo walibaki na jaketi la jinzi.

Siku 26 baadaye, Mei 20, kampuni hiyo hiyo ya Levi Strauss ilitimiza miaka 150 tangu ipate hataza ya kitu kingine kilichopachikwa kwenye nguo ili nguo ifanye kazi zaidi. Kitu hicho ni ribiti ya shaba, kile kidude cha duara kinachoshika pembe za mfuko wa suruali ya jinzi. Ribiti ipo hadi leo katika suruali zinazouzwa Kariakoo, Gikomba na Owino. Haijawahi kuhitaji betri, wala hakuna mwenye uwezo wa kuizima akiwa ofisini California.

Kati ya vitu hivyo viwili ndipo ilipo hesabu yote ya biashara ya nguo zenye teknolojia. Makampuni makubwa yamemwaga fedha humo kwa zaidi ya miaka 20. Baadhi yamepata faida kubwa na baadhi yamefunga vitabu vya hasara, na ukiyachunguza moja moja utaona kwamba bahati haikuhusika sana.

FUNDI CHEREHANI WA RENO

Hadithi ya ribiti inafaa kusimuliwa kwa sababu ni ya fundi wa kawaida. Jacob Davis, mzaliwa wa Riga katika nchi inayoitwa leo Latvia, alikuwa na kibanda cha ushonaji katika mji wa Reno, jimbo la Nevada. Alikuwa akishona mahema na mablanketi ya farasi. Siku moja mama mmoja alimwendea akitaka suruali imara ya mumewe, mpasua kuni, ambaye suruali zake zilikuwa zikichanika upesi. Davis alikuwa na ribiti mezani, zile alizozitumia kufunga mikanda ya mablanketi ya farasi. Akazigonga kwenye pembe za mifuko, mahali ambapo mshono huachia kwanza. Suruali hiyo aliiuza kwa dola 3.

Suruali haikuchanika, na habari zikasambaa. Davis akaona kwamba akichelewa wenzake watamwiga, lakini hakuwa na fedha za kulipia hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu kumiliki ubunifu wake kwa muda maalumu. Ada ilikuwa dola 68. Mwaka 1872 alimwandikia barua mfanyabiashara wa jumla wa San Francisco aliyekuwa akimuuzia vitambaa, Levi Strauss, akimtaka wagawane haki hiyo. Strauss alikubali. Hataza namba 139,121 ilitolewa Mei 20, 1873, na kwa miaka 17 iliyofuata hakuna mshonaji mwingine Marekani aliyeruhusiwa kugonga ribiti kwenye mifuko kwa namna ile. Ilipokwisha muda wake, karibu mwaka 1890, washindani walimiminika, lakini jina la Levi's lilikuwa limeshakaa sokoni.

Mwanafunzi yeyote wa biashara ataona mara moja uzuri wa bidhaa hiyo. Gharama ya ribiti ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya suruali. Faida yake mnunuzi anaiona kwa macho, tena dukani kabla ya kulipa. Muuzaji akishakabidhi suruali hana deni lolote kwa mteja, maana ribiti haiharibiki kwa kufuliwa, haimhitaji mtu wa kuitunza na haichakai kabla ya kitambaa. Ikiingia kwenye belo la mitumba inafika na kazi yake ileile.

Zipu ilipita njia hiyohiyo. Gideon Sundback aliikamilisha kati ya mwaka 1913 na 1917, na mwaka 1923 kampuni ya mipira ya B.F. Goodrich iliipa jina ilipoitia kwenye viatu vya mpira. Leo kampuni ya YKK ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1934, inajulikana kwa herufi tatu tu zilizo kwenye kishikio cha zipu. Fundi cherehani wa Morogoro au Machakos anaijua hata kama hajui kwamba ni ya Wajapani.

JAKETI LENYE SIMU

Turudi kwenye waya. Google haikuwa ya kwanza. Mwaka 2000 Levi's na kampuni ya Philips ya Uholanzi zilipeleka katika maduka ya Ulaya jaketi lililoitwa ICD+. Ndani yake kulikuwa na mifuko maalumu ya simu ya mkononi na mashine ndogo ya kuchezea muziki, na vyote viwili viliunganishwa kwa nyaya zilizopita ndani ya bitana. Lilibuniwa na Massimo Osti, Mtaliano aliyeheshimika sana katika fani ya mitindo. Kasoro yake ilijulikana kwenye karo la kufulia: kabla ya kulifua, ilibidi mwenye jaketi avichomoe vifaa na nyaya zake zote. Lilitengenezwa kwa idadi ndogo na halikuendelea.

Google ilipoingia mwaka 2015 ilijitahidi kukwepa kosa hilo. Jina lenyewe liliteuliwa kwa akili: Joseph-Marie Jacquard ni yule Mfaransa ambaye mwaka 1804 alionyesha mtambo wa kufuma uliofuata maelekezo ya kadi zilizotobolewa, na kadi za namna hiyo zikaja kutumiwa na kompyuta za mwanzo. Wataalamu wa Google walitengeneza uzi wenye waya mwembamba ndani, unaoweza kufumwa kwenye mitambo ya kawaida ya viwanda vya nguo. Uzi huo ukafumwa kwenye mkono wa kushoto wa jaketi, pale kwenye kifundo. Mwendesha baiskeli akipitisha vidole juu ya kitambaa, kidude kidogo kilichobanwa kwenye kifungo hupeleka habari kwenye simu iliyo mfukoni. Hapo anaweza kubadilisha wimbo, kukata simu au kusikia maelekezo ya njia.

Kama kazi ya kiufundi, ilikuwa ya kupongezwa, maana kufuma uzi wenye waya kwenye mtambo wa kiwanda cha kawaida ni jambo gumu. Kama bidhaa, ilikuwa na matatizo ambayo muuzaji yeyote wa nguo pale Karume angeyaona kabla ya kumaliza kikombe cha kahawa. Kidude kilihitaji kuchajiwa. Jaketi lilielezwa kuwa linavumilia kufuliwa mara 10 hivi. Na kila lilichofanya, simu yenyewe ilikuwa ikikifanya tayari.

Toleo la pili lilitoka mwaka 2019 kwa dola 198, upungufu wa asilimia 43 katika miaka miwili. Bei ikishuka kwa kasi hiyo bila foleni za wanunuzi, mchumi hasubiri kuambiwa. Mwaka huohuo teknolojia hiyo ilitiwa kwenye begi la mgongoni la Yves Saint Laurent kwa dola 880, na mwaka 2020 ikaingia kwenye soli ya ndani ya kiatu cha Adidas. Miaka mitatu baadaye programu ilifungwa.

Viatu navyo havikusalimika. Kampuni ya Nike ilitoa viatu vinavyojikaza vyenyewe kwa mota ndogo iliyofichwa kwenye soli. Vile vya kwanza, HyperAdapt, viliuzwa mwishoni mwa mwaka 2016 kwa dola 720, na mwaka 2019 vikafuata vya mpira wa kikapu kwa dola 350. Mwezi Februari 2019, muda mfupi baada ya hivyo vya pili kuingia sokoni, marekebisho ya programu kwenye baadhi ya simu yaliwaacha wateja na kiatu kisichokubali kukaza. Mtu aliyelipa dola 350 akashindwa kufunga kiatu kwa sababu ya kosa la kompyuta! Mwaka 2024 Nike iliiondoa programu hiyo. Vitufe vilivyo ubavuni mwa kiatu bado vinafanya kazi, lakini mambo mengine yaliyokuwa yakiongozwa kwa simu yamekwenda.

Ralph Lauren nayo iliuza fulana ya mazoezi yenye nyuzi za fedha za kupima mapigo ya moyo, dola 295, mwaka 2015. Mwaka huohuo, mwezi Aprili, Apple ilianza kuuza saa yake inayofanya kazi hiyo kwenye kifundo cha mkono. Hapa hesabu ni nyepesi hata kwa mtu asiye na mashine ya kuhesabia. Mtu ana fulana nyingi na hubadilisha kila siku. Saa ni moja na huvaliwa na nguo zote. Nani angenunua fulana saba za dola 295 ili moyo wake upimwe wiki nzima?

Ubovu wa mpango mzima uko kwenye umri wa vitu. Jaketi zuri la jinzi hukaa miaka 10 au 15 na huvaliwa na watu wawili au watatu, wa mwisho akiwa pengine kijana wa Tandale au Kibera. Simu hukaa miaka michache. Programu huishi kadiri kampuni inavyoona faida kuilipia. Ukivifunga vitatu hivyo pamoja, vyote vinakuwa na umri wa kile kinachokufa kwanza, na mteja analipa bei ya juu mwanzoni kwa kitu ambacho funguo zake zimebaki kwa muuzaji. Kihasibu, ni mali inayochakaa upesi iliyoshonewa ndani ya mali inayochakaa taratibu.

FIMBO ILIYOVUTWA KWA HASIRA

Walioshinda walipita upande mwingine. Teknolojia yao iko kwenye uzi na kitambaa chenyewe, na mvaaji hana la kufanya zaidi ya kuvaa.

Bill Gore aliacha kazi katika kampuni ya kemikali ya DuPont akaanzisha kampuni yake na mkewe Vieve mwaka 1958 huko Delaware. Bidhaa yao ya kwanza ilikuwa ya kufunika nyaya za umeme kwa plastiki iitwayo PTFE, ileile inayopakwa ndani ya vikaango visivyoshika chakula. Mwezi Oktoba 1969 mtoto wao, Bob, alikuwa akijaribu kuzivuta fimbo za plastiki hiyo zikiwa za moto ili zirefuke. Alizivuta polepole, kama elimu ilivyoelekeza, na zikakatika moja baada ya nyingine. Mwishowe, kwa kukata tamaa, aliikamata moja akaivuta ghafla kwa nguvu. Haikukatika. Ilirefuka hadi mara 10 ya urefu wake, na bila kuwa nyembamba kama ilivyotarajiwa, kwa sababu ilikuwa imejaa hewa.

Utando uliotokana na plastiki hiyo iliyovutwa una vitundu bilioni 9 hivi katika kila inchi moja ya mraba. Kila kitundu ni kidogo mara 20,000 kuliko tone la maji, lakini ni kikubwa mara 700 kuliko chembe ya mvuke. Kwa hiyo mvua haiingii, lakini jasho likiwa mvuke linatoka. Aliyewahi kuvaa koti la mvua la plastiki la kawaida akapanda mlima wa Lushoto anajua maana ya jambo hilo: ukifika juu umelowa kwa ndani kuliko ambavyo ungelowa kwa nje.

Oda ya kwanza ya biashara ya kitambaa cha Gore-Tex ilitoka kwa kampuni ya Early Winters ya Seattle mwaka 1976. Mambo hayakwenda sawa mara moja. Mafuta ya mwili wa binadamu yaliuchafua utando wa kwanza na makoti yakaanza kuvuja, ikabidi kampuni iubuni upya kwa kuupaka tabaka jingine la kuukinga. Mwaka 1989 Gore ilikuwa na ujasiri wa kutoa dhamana kwa wateja kwamba koti lenye lebo yake litawaweka wakavu.

Lakini ubunifu ulio mkubwa kuliko hata vile vitundu ni ule wa kibiashara. Gore haishindani na wenye mitindo. Inawauzia utando uliokwisha gandishwa kwenye kitambaa, inawapa leseni, inakagua viwanda vyao na inataka kila mshono ufungwe kwa utepe maalumu, kwa sababu maji hupita kwenye tundu la sindano. Halafu lebo yake inaning'inia kwenye koti la kampuni nyingine. Mwenye mtindo akikosea rangi ya msimu, hasara ni yake. Gore inauza utando huo kwa mwingine.

MATRILIONI YA FULANA ZA NDANI

Japani ilichukua njia hiyo ikaifanya ya watu wa kawaida. Tadashi Yanai alifungua duka la kwanza la Uniqlo huko Hiroshima mwaka 1984. Mwaka 1998, wakati wa ufunguzi wa duka la Harajuku mjini Tokyo, alitangaza jaketi la flisi kwa yeni 1,900 tu, na mwaka 2000 aliuza majaketi hayo milioni 26. Kilichofuata ndicho kilichobadilisha soko. Mwaka 2003 Uniqlo ilianza kuuza fulana nyembamba ya ndani ya kuleta joto iitwayo Heattech. Fulana hiyo iliundwa pamoja na Toray, kampuni ya nyuzi iliyoanzishwa mwaka 1926, ileile ambayo nyuzi zake za kaboni zimo kwenye mwili wa ndege ya Boeing 787.

Siri ya fulana hiyo ni mchanganyiko wa nyuzi. Rayoni hunyonya mvuke unaotoka mwilini, na mvuke ukinaswa hutoa joto kidogo. Akriliki iliyosokotwa nyembamba sana hushika hewa na kuzuia joto hilo lisitoroke. Kisha kuna poliesta ya kukausha na nyuzi za kuvutika ili fulana ikae mwilini. Hakuna swichi. Mwaka wa kwanza ziliuzwa fulana milioni 1.5. Mwaka 2006 kampuni hizo mbili zilitia saini mkataba wa ushirikiano wa muda mrefu, ambapo mwenye duka na mwenye uzi hupanga pamoja bidhaa na kiasi cha kuzalisha kwa miaka kadhaa mbele. Mnamo mwaka 2017 jumla ya mauzo ya Heattech tangu ianze ilikuwa imefika vipande bilioni moja.

Fast Retailing, kampuni mama ya Uniqlo, ilivuka yeni trilioni 3 za mauzo katika mwaka wake wa fedha ulioishia Agosti 2024. Si zote za Heattech, bila shaka. Hata hivyo ni vigumu kuitenganisha sifa ya maduka hayo na vazi lile la ndani ambalo hata halionekani likivaliwa. Wataalamu wa mitindo waliolitazama jaketi la Google kwenye maonyesho hawakupoteza muda wao kuitazama fulana ya ndani ya baba mtu mzima. Wenye hisa waliitazama.

AFRIKA MASHARIKI IKO WAPI?

Katika soko la hapa, vazi la teknolojia linaloonekana zaidi barabarani ni kizibao cha bodaboda, kile wanachokiita reflekta. Wengi hawakihesabu kuwa teknolojia. Mistari yake ya kijivu imejaa vipunje vidogo mno vya kioo vinavyochukua mwanga wa taa ya gari na kuurudisha kule ulikotoka, yaani kwenye macho ya dereva. Kampuni ya 3M ya Marekani ndiyo iliyoukuza ufundi huo. Nchini Kenya, marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012 yanamtaka mpanda pikipiki avae kofia ngumu na jaketi lenye kuakisi mwanga. Amri moja ya sheria ikatengeneza soko ambalo matangazo ya miaka 10 yasingelitengeneza. Tatizo ni ubora, kwa maana vipunje vya kioo vikishabanduka kwa kufuliwa na kuchanika, kinachobaki ni kitambaa cha njano kinachoonekana mchana tu, wakati ambapo pikipiki inaonekana hata bila kizibao.

Moshi ni soko la aina nyingine. Makoti na suruali za kupandia Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, hukodishwa mjini humo kwa wageni wasiotaka kubeba mzigo kutoka kwao, na mengi yana lebo za teknolojia za Ulaya na Marekani. Wapagazi wanaobeba mizigo ya wageni hao hawana nguo hizo kwa urahisi, na ndiyo sababu kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi mjini Moshi unaowaazima nguo za mlimani bila malipo. Koti la Gore-Tex linalokodishwa kwa mtu wa tano au wa kumi bado linazuia mvua iwapo mishono yake haijaachia. Jaribu kulikodisha jaketi lenye kidude cha Bluetooth kwa mtu wa kumi.

Arusha ina hadithi inayogusa moja kwa moja swali la nani ananufaika. Kiwanda cha A to Z, kilichoanza kama cha kushona nguo katika miaka ya 1960, kilipewa mwaka 2003 na kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani ufundi wa kutengeneza vyandarua vya Olyset bila kulipia haki za ubunifu. Badala ya kuchovya chandarua kwenye dawa, dawa ya permethrin inachanganywa ndani ya plastiki kabla ya kuvutwa kuwa uzi, kisha inajitokeza kwenye uso wa uzi kidogo kidogo kwa miaka. Chandarua si vazi, lakini kanuni ni ileile ya Uniqlo: kazi imo ndani ya uzi. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 uwezo wa kiwanda hicho ulikuwa umefika mamilioni ya vyandarua kwa mwaka.

Permethrin hiyohiyo ipo kwenye nguo. Nchini Marekani, nguo za chapa ya Insect Shield ziliidhinishwa na mamlaka ya mazingira mwaka 2003, zikielezwa kuwa zinafukuza wadudu hadi zifuliwe mara 70. Jeshi la nchi hiyo nalo hutumia sare zilizotiwa dawa. Linganisha mara 70 za fulana hiyo na mara 10 za jaketi la Google.

Karibu zaidi na nyumbani, watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara walijaribu kandambili zilizofungwa vipande vya kitambaa cha gunia vilivyolowekwa dawa ya transfluthrin, inayosambaa hewani bila moto wala umeme, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Msingi wa wazo hilo ni kwamba mbu wengi waenezao malaria huuma miguuni, na kwamba mtu anayekaa nje jioni hawezi kutembea na chandarua. Wafanyabiashara wa viatu wangefanya vyema kulifuatilia wazo la namna hii kuliko kusubiri kinachotoka Ulaya. Ni bidhaa ya bei ndogo yenye malighafi inayopatikana, na inajibu tatizo linalojulikana katika kila kaya ya bonde la Kilombero. Kikwazo kitakuwa gharama ya usajili wa dawa na swali la nani atauza dawa ya kuongezea pale ya kwanza inapokwisha nguvu.

Pamba ya Shinyanga na Simiyu ina upande wake katika mjadala huu, ambao hauvutii sana. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa marobota ya pamba iliyochambuliwa tu. Thamani inayolipwa na mnunuzi wa Heattech iko kwenye kusokota na kuchanganya nyuzi, kazi inayofanyika mbali baada ya pamba kuondoka, na tena nyuzi zenyewe siku hizi ni za viwandani zaidi kuliko za shambani. Kiwanda cha hapa kinachotaka kuingia humo kitapata taabu kuanzia kwenye uzi. Kinaweza kuanzia kwenye leseni na umaliziaji wa kitambaa, kama Arusha ilivyoanzia kwenye chembechembe za plastiki.

KEMIKALI ZABADILISHA HESABU

Teknolojia ya uzi nayo ina deni lake, na limeanza kudaiwa. Kemikali za jamii ya PFAS, zilizotumika kutengeneza tando za kuzuia maji na dawa za kufanya maji yateleze juu ya kitambaa, haziozi. Hukaa kwenye maji na udongo kwa muda mrefu sana, na baadhi yake zimehusishwa na madhara kwa afya. Gore ilitoa mwaka 2022 utando mpya wa polithini usiotengenezwa kwa kemikali hizo. Kuanzia Januari 1, 2025 majimbo ya California na New York yalipiga marufuku uuzaji wa nguo mpya zilizotiwa PFAS kwa makusudi. Huko California, makoti ya mvua kali yamepewa nafasi hadi mwaka 2028, kwa sharti kwamba yawe na maandishi ya kumweleza mnunuzi kuwa yana kemikali hizo.

Marufuku hizo zinahusu nguo mpya. Makoti ya zamani yaliyoshonwa kabla ya tarehe hiyo yapo kwenye makabati ya watu wa majimbo hayo kwa mamilioni, na mengine yatatolewa kama misaada, yatafungwa kwenye mabelo na kupakiwa melini kuelekea Mombasa na Dar es Salaam. Muuzaji wa mitumba atayapanga mstari wa mbele kama siku zote, kwa sababu hayapitishi maji na zipu zake ni za YKK.